Hakuja Alhamisi

Jumatatu, 12 Oktoba 1953
Meli imeingia Bukoba asubuhi, na mvua nayo. Mama alikuwa gatini ameshika mwavuli wa marehemu baba, ule uliokatika njiti, akanifunika mimi na kuacha mgongo wake ulowe. Nimeanza daftari hili kwa sababu Mujuni, mwenzangu wa chuo, alisema sitaweza kuandika wiki mbili mfululizo. Mujuni anapenda kusema.

Basi nianze na yeye. Mwaka huu wa tano chuo cha udaktari cha Kampala kinatupa kipindi cha hiari. Kila mwanafunzi anachagua idara moja na kwenda kuifanyia kazi hadi Desemba. Wakubwa wetu wanasema idara hiyo ndiyo humeza maisha yako yote. Mimi nataka mifupa. Baba alivunjika mguu, ukaunga upande, akaishi miaka yote akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Nafasi ya mifupa ilikuwa moja tu. Tulipiga kura ikamwangukia Mujuni, ambaye hata paja la kuku linamshinda.

Katika zilizobaki kulikuwa na wodi ya wazazi, hospitali ya kwetu Bukoba. Wenzangu walicheka. Mimi nikainua mkono upesi kabla hawajamaliza kucheka, kwa sababu Shamsia, mchumba wangu, yuko Bukoba. Nimechagua wanawake wote kwa ajili ya mwanamke mmoja. Mifupa itanisubiri.

Jumanne, 13 Oktoba
Nimeripoti. Mganga mkuu ni Dakta Hargreave, Mwingereza mrefu anayetembea ameinama kana kwamba kila mlango ni mfupi. Alinikabidhi kwa Nesi Paskazia, mkunga wa wodi. Paskazia alinitazama mikono, akageuza, akatazama kucha.
"Kata hizi," akasema. "Halafu uje tuzungumze habari za udaktari."

Alhamisi, 15 Oktoba
Alhamisi ni kliniki ya wajawazito. Benchi lilijaa. Waliponiona, kanga zilipanda usoni mpaka macho. Mmoja aliniamkia kwa Kihaya kama unavyomwamkia mzee, akaniuliza nesi atarudi saa ngapi. Nilijiona mwizi.

Jumapili, 18 Oktoba
Nimeonana na Shamsia, kwenye duka la Laxmidas. Yeye alikuja kununua uzi, mimi nilikuja kununua uzi. Laxmidas alituacha tuzungumze huku yeye akipima kitambaa ambacho hakuna aliyekiagiza. Harusi ni Ijumaa tarehe 4 Desemba, na meli yangu itaondoka kesho yake. Shamsia alisema ameanza kuota harusi hiyo, ila katika ndoto mimi huwa nimevaa koti la hospitali.
"Bwana Dakta," akasema Laxmidas, "kitambaa hiki sasa nimekipima mpaka kimerefuka. Fanyeni haraka."

Tangu baba yake, Mzee Burhani, apokee posa yangu, nimekwenda kwake Buhembe mara nyingi, lakini mama yake sijamwona hata mara moja. Kwa desturi ya kwetu mkwe wa kike, mazala wako, haonekani. Ukija anapotea. Naujua mgongo wa Bi Zabibu ukikimbilia migombani, na sauti yake akikohoa nyuma ya ukuta ili nijue yupo nisiingie. Uso wake siujui. Mama anasema huo ndio urembo wa heshima. Mimi naona ni mchezo wa kujificha wa watu wazima, lakini sijamwambia mtu.

Alhamisi, 22 Oktoba
Mvua. Kliniki. Kanga usoni.

Jumatano, 28 Oktoba
Leo nimemshika mtoto wa kwanza peke yangu. Paskazia alisimama nyuma yangu akiwa amefunga mikono, hakusema kitu, na hiyo kwake ndiyo sifa. Mtoto aliteleza mikononi, akalia, na mama yake akacheka. Sikujua kama mtu anaweza kucheka dakika ile. Nilirudi nyumbani Hamugembe kwa miguu, nimelowa chapachapa, na njia nzima sikukumbuka mifupa.

Ijumaa, 30 Oktoba
Mifupa nimeikumbuka. Nimesoma kurasa za paja na nyonga mpaka taa ikaishiwa mafuta.

Jumatatu, 2 Novemba
Dakta Hargreave aliniita ofisini, akanimiminia chai. Akaniuliza ninataka kuwa nani. Nikasema mifupa. Akacheka taratibu.
"Mimi nilikuja Tanganyika kwa ajili ya malaria," akasema. "Wodi ya wazazi ikakosa mtu, wakaniomba niishike wiki mbili tu. Mke wangu alikuwa bado na nywele nyeusi." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Watu husema wanachagua kazi, Lukmani. Jihadhari na pale unaposifiwa. Ukisifiwa mahali, miguu inaota mizizi."
Nikamwuliza kama anajuta. Akasema chai inapoa.

Alhamisi, 5 Novemba
Nimesifiwa na Paskazia. Amesema, "Mikono yako si mibaya." Nimekaa na maneno hayo siku nzima nikitamani angesema mibaya.

Jumapili, 8 Novemba
Duka la Laxmidas. Shamsia hakuwa na mzaha leo. Aliniuliza habari za jirani yao mmoja.
"Ni mtu mzima, amezaa watoto wengi. Mara iliyopita kondo la nyuma lilikataa kutoka. Alimwaga damu mpaka wakamsomea Yasini. Safari hii litatoka?"
"Mtu kama huyo asizalie nyumbani," nikamwambia. "Mwambie aje Alhamisi. Nitamwona mwenyewe, nitamwandikia kitanda."
Shamsia akazungusha kibonge cha uzi mkononi. "Wewe ndiye unayeona watu Alhamisi?"
"Mimi na Paskazia. Lakini mimi ndiye ninayepima."
"Haya," akasema. "Nitamwambia."
Nilijisikia mkubwa kweli. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 10 Novemba
Senene wameanguka! Alfajiri mji mzima ulikuwa nyasini, wanawake na watoto, makopo na vikapu, hata mke wa karani wa boma. Mama amerudi na kikapu kimejaa, anang'oa mabawa huku akiimba.

Alhamisi, 12 Novemba
Jirani wa Shamsia hakuja. Nilitazama kila aliyekaa kwenye benchi.
Jioni kililetwa kifurushi cha jani la mgomba kutoka Buhembe. Senene, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na chumvi kidogo. Kwetu mwanamke humpelekea mume wake, na mchumba humpelekea mchumba, na mwanamume naye hujibu kwa nguo. Mama alikishika kifurushi kama Msahafu. Nimekula wote peke yangu, mama akinitazama kwa furaha bila kugusa, maana wanawake wa umri wake hawali senene. Nimekwenda kwa Laxmidas kuchukua kile kitambaa alichokuwa akikipima.

Alhamisi, 19 Novemba
Usiku wa kuamkia leo Maulidi yamesomwa msikitini. Mvua ilipiga mabati mpaka shekhe akawa anasoma kwa kupiga kelele. Jirani hakuja tena. Nimemtumia Shamsia neno kupitia kwa Laxmidas: mwambie jirani yako kifo hakioni haya. Jibu lililorudi ni kwamba Shamsia amekwenda Izigo, kwa bibi yake mzaa mama, kumsaidia kukamata senene.
Sielewi. Senene wako Bukoba tele.

Jumamosi, 21 Novemba
Mvua. Wodi, nyumbani, wodi. Mji huu una barabara chache na zote zinanirudisha wodini. Wanaume wa Hamugembe sasa wananiita Daktari wa Mimba, na kinyozi ameniuliza kama mimi nitajifungua lini. Nimecheka nao. Sikufurahi.

Jumatano, 25 Novemba
Ninaandika ya jana.

Jana Dakta alinituma Muleba na gari la hospitali, kliniki ya zahanati ya huko. Paskazia alibaki na wodi. Dereva ni Privatus, mtu wa maneno mengi. Tulimaliza mchana, tukarudi chini ya mvua nzito kiasi kwamba Privatus mwenyewe alinyamaza. Tulipofika Izigo, mwanamume mmoja aliye kifua wazi alisimama katikati ya barabara, mikono juu. Jina lake Protase, jirani wa nyumba yenye shida.
"Daraja la mbele limefunikwa na maji," akasema. "Lakini si hilo. Mna daktari humo? Kuna mama amejifungua tangu asubuhi. Mtoto mzima. Kondo halitoki, na damu haisimami."
Nilichukua mkoba wangu, nikamfuata ndani ya kibanja, migomba ikinimwagia maji shingoni. Sikuwaza kitu chochote isipokuwa vitu vilivyomo mkobani. Hilo nitaliapia.

Mlangoni alisimama Shamsia.
Alikuwa na damu kwenye kanga, si yake. Kwanza nilifurahi kumwona, mjinga mimi.
"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.
"Ni mama," akasema.
Nikasimama pale kwenye mvua, na kila kitu kikajipanga chenyewe. Jirani. Kondo lililokataa. Wewe ndiye unayeona watu Alhamisi? Mji mzima ulijua kuwa Bi Zabibu ni mjamzito, isipokuwa mimi, kwa sababu hakuna anayemwambia mkwe neno kama hilo. Hakuja kliniki kwa kuwa nilikuwa kliniki. Akaja kuzalia kwao Izigo ili awe mbali na hospitali ambayo mkwewe yumo. Mimi ndiye niliyemfukuza, kwa kukaa tu kwenye kiti nilichokichagua ili niwe karibu na binti yake.

"Tumpeleke Bukoba," nikasema. "Paskazia atamshughulikia."
"Kwa njia gani?"
Nilimtazama Privatus, aliyekuwa amenifuata. Akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yamelifunika daraja, na kurudi Muleba hakungesaidia, huko hakukuwa na mtu zaidi ya mgawa dawa.
Bibi yake Shamsia aliuliza kutoka ndani, "N'oha?" Ni nani?
"Shamsia, nikiingia mle..."
"Najua."
"Tarehe nne..."
"Lukmani, nimesema najua."
Aliitoa kanga begani, akaingia, nikamsikia akimwambia mama yake maneno ya Kihaya kwa sauti ya chini. Alipotoka hakuwa na kanga tena. Alikuwa ameitumia kumfunika mama yake uso. Akasogea pembeni mwa mlango.
"Ingia, daktari," akasema. Hajawahi kuniita hivyo.

Niliingia. Nyasi za kitandani zilikuwa zimekolea damu. Nilinawa kwa maji ya moto na dawa, nikamchoma sindano ya kukaza kizazi, nikasubiri, kondo halikuja. Kisha nikafanya kama Paskazia alivyonifundisha: mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine ndani, ufuate kamba ya kitovu mpaka iishie. Nilifumba macho maana hapo macho hayasaidii kitu. Yeye hakupiga kelele. Wanawake wa kwetu hawalii wakijifungua, lakini nilisikia chini ya kanga, "Mukama wange, Mukama wange," Mola wangu, pole pole. Vidole vikapata ukingo. Kondo likaachia, likatoka zima. Kizazi kikajikunja chini ya kiganja changu, kikawa kigumu, na damu ikapungua, ikapungua, ikakoma.

Sasa niandike jambo baya. Nilifurahi. Kabla sijakumbuka ni nani niliyemshika, kabla sijakumbuka Shamsia yuko nje ya mlango, nilijawa na furaha ambayo mfupa wowote haujawahi kunipa. Mikono ilijua. Baada ya hapo nikakumbuka, nikatoka nje, nikanyoosha mikono mvuani mpaka damu ikatoka yote.

Tulilala kwa Protase mpaka maji yakashuka. Asubuhi mama mtu alikuwa hai, amekunywa uji. Mtoto ni wa kiume. Shamsia alileta maji ya kunawa, akayaweka chini mbele yangu badala ya kunimwagia mkononi, kama anavyowekewa mgeni. Hapo nikajua.

Ijumaa, 27 Novemba
Nimemwona Shekhe Bashiri baada ya swala. Nimemweleza yote bila kuficha. Akasema dharura inahalalisha, kwamba nimeokoa nafsi, na kwamba ndoa haina kizuizi chochote katika dini. Nilimbusu mkono. Nilitoka msikitini nikikimbia kama mtoto.

Jumapili, 29 Novemba
Mzee Burhani amekuja Hamugembe, amevaa kanzu nyeupe, anavuta mbuzi. Mbuzi wa shukrani. Alikaa, akanywa kahawa, akalia. Sijawahi kumwona mzee wa kiume akilia bila msiba.
"Umenirudishia mke wangu," akasema. "Sina cha kukulipa mpaka kufa."
Nikamwambia kuwa kipo ninachokitaka, na anakijua. Nikamweleza maneno ya shekhe.
"Shekhe amesema kweli," akajibu. "Dini imeruhusu. Lakini mila haina shekhe, mwanangu. Zabibu anasema hivi, na mimi siwezi kumjibu: mkono ulioingia alikotoka Shamsia, hauwezi kumwoa Shamsia. Mkono huo ni wa mtoto au ni wa mganga. Si wa mkwe."
"Na Shamsia anasemaje?"
Mzee alitazama chini. "Shamsia ndiye aliyefungua mlango."
Mama alikwenda kumfunga mbuzi.

Jumatatu, 30 Novemba
Mvua.

Jumanne, 1 Desemba
Nimepita kwa Laxmidas. Shamsia alikuwepo. Leo Laxmidas hakupima kitambaa, aliingia ndani kabisa akatuachia duka.
Nilimwambia tuondoke. Meli inatosha watu wawili. Kampala hakuna anayejua mazala wa nani alifanya nini.
"Nitakwenda," akasema, na moyo wangu ukaruka. "Nitakwenda, halafu siku moja nitazaa, na mama yangu hatakuja kumbeba mjukuu. Nitakuwa nimemwokoa ili nimpoteze." Alinitazama sawasawa. "Nilikuwa na dakika moja pale mlangoni, Lukmani. Nilikuchagua wewe uingie. Usiniombe nichague tena."
Nilimkasirikia. Nilimkasirikia yeye, mama yake, Izigo, daraja, na Mujuni aliyebahatika katika kura. Nimetembea mpaka ziwani na kurudi. Hasira haikuisha, miguu ndiyo iliyochoka.

Jumatano, 2 Desemba
Mama ameona sili, akajaribu kunichekesha. "Mwana wange," akasema, "sasa tukuoze wapi? Kila mwanamke mwenye binti mji huu, ama ameshapita mikononi mwako, ama anaogopa atapita."
Tulicheka wote wawili. Kisha hakucheka mtu. Ni kweli tupu. Nikibaki kwenye kazi hii, kila mama nitakayemsaidia ni mlango wa nyumba moja unaofungwa. Nikienda kwenye mifupa, hakuna mkwe atakayenikimbia zaidi ya kawaida. Basi nimeamua: mifupa. Angalau wodi hii isinichukulie vyote.

Alhamisi, 3 Desemba
Kliniki ya mwisho. Benchi lilikuwa limejaa mpaka wengine wakasimama. Kanga zilikuwa mabegani. Nyuso wazi zote. Habari za Izigo zimefika kabla yangu, na mama mmoja wa Buhembe aliniambia bila aibu, "Nilikuwa naogopa wewe ni mkwe wa watu. Sasa najua ni mtoto wetu." Aliyefuata akasema kondo lake mara ya mwisho lilikataa. Nikamwandikia kitanda. Wa nyuma yake, hivyo hivyo. Paskazia akanitazama juu ya miwani.
Jioni Dakta Hargreave aliniuliza nini awaandikie Kampala. Nilikuwa na neno moja tayari mdomoni tangu jana. Nikafungua mdomo likatoka lingine.
"Wazazi," nikasema.
Hakunipongeza. Alinimiminia chai, akaniambia, "Pole."

Ijumaa, 4 Desemba
Leo ndiyo ingekuwa leo.

Jumamosi, 5 Desemba
Ndani ya meli. Bukoba haionekani tena, mvua imeifunika.
Gatini mama alinikumbatia, akaninong'oneza niandike upesi. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi nikasikia mtu ananiita kwa nyuma, sauti niliyoijua kutoka nyuma ya ukuta na kutoka chini ya kanga. Niligeuka. Alikuwa mwanamke amebeba mtoto mgongoni, hajajifunika, amesimama mbele ya mji mzima, wapagazi na makarani na Wahindi wote wakitazama. Watu walimpisha. Mkwe hafanyi hivyo. Ndipo nikauona uso wake kwa mara ya kwanza.
Ni uso wa Shamsia. Paji lile lile, kidevu kile kile, na mikunjo midogo kando ya macho ambayo Shamsia bado hana. Nilimtazama kwa muda mrefu, maana atakavyozeeka Shamsia sitakuwepo kuona, na sasa nimeshaona.
Bi Zabibu hakukwepa macho. Alinipa mkononi kifurushi cha jani la mgomba, bado kina joto.
"Kula njiani, mwanangu," akasema. "Senene hawa amewakamata dada yako."
Nilikipokea kwa mikono miwili.